Nukta moja, mbili au nyingi? Kuchagua njia ya kusahihisha kihisi, kwa kazi za Tanga

Watu watatu mkoani Tanga wanaweza kununua kihisi cha joto cha aina moja, tuseme DS18B20 ya waya mrefu yenye ncha ya chuma, na kila mmoja akahitaji kukisahihisha kwa njia yake. Wa kwanza yuko Muheza, anakifunga kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Wa pili yuko kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, anataka kujua kama tangi la kupozea limeshuka hadi nyuzijoto 4. Wa tatu yuko Lushoto na kikundi cha wasindikaji wadogo wanaopasha maziwa hadi nyuzijoto 63 na kuyaacha hapo dakika 30 ili vijidudu vife. Kihisi ni kile kile, hata kosa lake linaweza kuwa lile lile, lakini usahihishaji unaomfaa wa pili unaweza kumharibia wa kwanza.

Ndiyo maana swali la "njia ipi ya ugezi ni bora" halijibiki mpaka useme kihisi kitafanya kazi gani, na kati ya namba zipi. Ugezi ndio huko kusahihisha kihisi kwa kukilinganisha na ukweli unaoujua, na nukta ni kila mahali unapofanyia ulinganisho huo. Hapa nalinganisha njia tatu ambazo fundi, mfugaji au mwanafunzi wa VETA anaweza kuzifanya mwenyewe: nukta moja, nukta mbili, na nukta nyingi. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa kazi nyingi za huku kwetu nukta mbili zinatosha. Nukta moja inatosha pale tu inapowekwa jirani kabisa na mahali kihisi kitakapofanyia kazi. Nukta nyingi ni za vihisi ambavyo kwa maumbile yake havifuati mstari ulionyooka.

Kwanza, jua kosa lako ni la aina gani

Weka kihisi mahali ambapo joto halibadiliki haraka, kwa mfano ndani ya chupa ya chai iliyojaa maji, kisha kisome mara ishirini kwa kupishana sekunde chache. Kama namba zinarukaruka huku na huko, hilo ni tatizo la utulivu, na hakuna hesabu ya ugezi inayolitibu. Tafuta waya uliolegea, angalia umeme unaokilisha, au chukua wastani wa vipimo vingi. Kisha kitoe, kiache kipoe, kirudishe. Kikirudia namba ile ile, hata kama namba yenyewe si ya kweli, hapo una kitu cha kufanyia kazi. Watu wengi huruka hatua hii, wakaishia kusahihisha bahati nasibu.

Kosa linalobaki baada ya hapo huwa la namna tatu. Saa inaweza kuwa mbele dakika tano mchana kutwa, na hilo ni kosa la kuhama: ondoa tano, umemaliza. Saa nyingine inakimbia. Asubuhi imezidi dakika moja, jioni imezidi kumi. Hilo ni kosa la mwinuko, na ukiondoa dakika moja tu hujaisaidia jioni. Namna ya tatu ni kosa la mpindo, ambapo kihisi kinazidi katikati na kupungua mwishoni, au kinabadilisha mwendo wake kadiri kinavyopanda.

Karatasi ya mtengenezaji wa DS18B20 inaahidi kosa lisilozidi nyuzijoto 0.5 kuanzia −10 hadi 85. Hiyo ni ahadi nzuri kwa kifaa cha bei ndogo. Lakini nakala za kihisi hiki zimejaa katika masoko ya dunia nzima, na nakala haifungwi na ahadi ya mtu mwingine. Ukinunua kumi, pima zote kumi.

Nukta moja: rahisi, na hatari yake

Katika njia hii unapima mahali pamoja unapojua ukweli, unatoa tofauti, na tofauti hiyo unaijumlisha kwenye kila kipimo kuanzia hapo. Mstari mmoja tu kwenye programu ya bodi inayokisoma kihisi.

Mahali rahisi kuliko pote ni barafu inayoyeyuka, kwa sababu barafu ya maji safi na maji yake hukaa kwenye nyuzijoto 0 mpaka barafu iishe. Saga barafu vipande vidogo, jaza chupa ya chai, ongeza maji safi ya baridi kiasi cha kuziba nafasi kati ya vipande, koroga, subiri dakika chache, chovya kihisi katikati bila kugusa ukuta wala kitako. Punguza maji yakizidi hadi barafu ikaelea juu na chini kukabaki maji matupu, kwa kuwa maji ya chini yanaweza kuwa na joto kidogo. Barafu iwe ya maji ya kunywa. Ile inayopatikana mwaloni, kwenye soko la samaki la Deep Sea, ikishakutana na samaki na maji ya bahari haifai tena, kwani chumvi inashusha kiwango cha kuyeyuka. Maji ya bahari yenyewe huganda karibu na nyuzijoto −1.9.

Kwa mtu wa tangi la maziwa, nukta hii moja ni jibu kamili. Anafanya kazi kwenye nyuzijoto 4, na sifuri iko pale pale jirani. Vivyo hivyo kwa friji ya chanjo za mifugo, inayotakiwa kukaa kati ya 2 na 8.

Kwa mtu wa vifaranga, sifuri iko mbali mno. Mayai ya kuku hutaka karibu nyuzijoto 37.5 kwa siku 21 kwenye mashine yenye feni, na kosa la nyuzi moja likiendelea siku zote hizo linaonekana kwenye vifaranga. Huyu naye anaweza kutumia nukta moja, ila aiweke kwenye 37 au 38. Kipimo cha kulinganishia kinauzwa kwenye duka lolote la dawa: ni kipimajoto cha homa cha kidijitali. Vipimajoto hivi kwa kawaida hutengenezwa viwe sahihi kwa kadiri ya nyuzijoto 0.1 katika eneo la joto la mwili, yaani pale pale yai linapotaka. Tia maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, koroga, chovya ncha zote mbili zikiwa zimekaribiana. Angalizo moja lenye maana: vipimajoto vingi vya homa hushikilia namba ya juu kabisa vilivyoiona. Kwa hiyo viwashe upya kila unapopima, na usisubiri maji yapoe ukidhani kinashuka pamoja nayo.

Nukta mbili: hapa ndipo nashauri wengi wakae

Tuseme kihisi chako ndani ya barafu kinasoma 1.2, na ndani ya maji yanayochemka pale Chumbageni kinasoma 98.4. Tanga mjini iko usawa wa bahari, maji huchemka karibu kabisa na 100, hivyo ukweli wa pili tunaujua. Hesabu ni hii, ambapo ghafi ni namba ya kihisi kabla ya kusahihishwa na kweli ni joto halisi:

kipimo sahihi = (ghafi − ghafi ya chini) × (kweli ya juu − kweli ya chini) ÷ (ghafi ya juu − ghafi ya chini) + kweli ya chini

Kwa namba zetu: ghafi toa 1.2, zidisha kwa 100, gawanya kwa 97.2, ongeza sifuri. Kihisi kikisema 60, ukweli ni karibu 60.5. Kikisema 37.0, ukweli ni karibu 36.8.

Sasa rudi kwa mtu wa vifaranga, kwa sababu mfano huu una somo linalonigusa sana. Kihisi hiki, kabla hakijaguswa, kilikuwa kinakosea nyuzijoto 0.2 tu kwenye joto la mayai. Kilikuwa kizuri! Kama angefuata nukta moja ya barafu na kuondoa 1.2 kila mahali, namba 37.0 ingekuwa 35.8 wakati ukweli ni 36.8. Mashine ingeona baridi, ingepandisha joto nyuzi moja nzima kuliko inavyotakiwa, na mfugaji angekaa na imani kwamba amesahihisha. Usahihishaji uliofanyika mbali na eneo la kazi umekiharibu kihisi kilichokuwa salama. Nimeona ushauri wa "weka kwenye barafu, toa tofauti, basi" ukitolewa kwa kila mtu bila kuulizwa anapima nini, na naamini umekwisha gharimu mayai mengi.

Nukta mbili zinaondoa kosa la kuhama na kosa la mwinuko kwa pamoja. Sharti lake ni kwamba eneo lako la kazi liwe katikati ya nukta hizo mbili. Ukivuka nje yake unakisia.

Sharti la pili ni kuijua kweli ya juu, na hapa ndipo Lushoto na Tanga mjini zinapoachana. Maji huchemka kwenye joto la chini kadiri unavyopanda mlima, kwa sababu hewa inapungua uzito. Kwa makadirio ya kazi ni nyuzijoto moja kwa kila mita 300. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Chukua sasa kihisi kisicho na kosa hata kidogo. Ndani ya barafu kinasema 0, ndani ya sufuria la Lushoto kinasema 95. Fundi aliyesoma kitabuni kwamba maji huchemka kwenye 100 anaandika 100 kwenye programu. Kuanzia siku hiyo, skrini ikionyesha 63, maziwa kwa kweli yako kwenye 60. Kikundi kinahesabu dakika 30 zake kwa uaminifu, kinafunga vifuko, kinauza maziwa ambayo hayakufika kiwango cha kuua vijidudu. Sitii chumvi: hili ni kosa la afya ya watu linalotokana na namba moja iliyoandikwa bila kufikiri. Aliyeko Lushoto, Amani au Mtae atumie joto la kuchemka la mahali alipo, au aachane na kuchemsha kabisa na kulinganisha na kipimajoto kinachoaminika kwenye maji ya 60 hadi 70.

Gharama ya nukta mbili ni ndogo: barafu, sufuria, na nusu saa. Ukitoa hiyo nusu saa unapata kihisi ambacho unaweza kukihamisha kutoka kazi moja kwenda nyingine bila hofu. Nukta moja haikupi hilo.

Nukta nyingi: kwa vihisi vya mpindo

Thamista ya oumu 10,000, ile shanga ndogo nyeusi inayouzwa kwa bei ya soda na ambayo ukinzani wake kwa umeme hubadilika na joto, inaonyesha wazi kwa nini mstari ulionyooka hautoshi. Kwenye nyuzijoto 25 ukinzani wake ni oumu 10,000. Kwenye 0 unapita 30,000. Kwenye 50 unashuka karibu na 3,600 kwa aina iliyozoeleka. Yaani nyuzi 25 za kwanza zimekula oumu zaidi ya 20,000, na nyuzi 25 zinazofuata zimekula kama 6,400. Ukichora nukta mbili na kuziunga kwa rula, katikati utakosea vibaya.

Dawa yake ilishapatikana. Mwaka 1968 Steinhart na Hart, waliokuwa wakishughulikia upimaji wa joto la bahari, walichapisha mlinganyo wenye herufi tatu za kutafutwa, na herufi tatu zinadai nukta tatu. Kwa fundi wa hapa nukta hizo ni barafu, maji ya 37 yaliyolinganishwa na kipimajoto cha homa, na maji yanayochemka. Zipo maktaba za programu zinazofanya hesabu hiyo, hulazimiki kuikokotoa kwa kalamu.

Njia nyingine ya nukta nyingi ni jedwali: pima mahali sita au saba, hifadhi jozi za namba, na programu iunge kila jozi mbili jirani kwa mstari mfupi. Naipenda zaidi kuliko milinganyo ya vipeo vikubwa, kwa sababu mlinganyo wa kipeo cha nne au cha tano unaweza kupita kwenye kila nukta yako vizuri na bado ukajikunja ovyo kati ya nukta na nukta. Jedwali halina tabia hiyo. Linafaa hasa kwa ESP32, bodi ndogo ya kusomea vihisi, ambayo usomaji wake wa volti umepinda karibu na sifuri na karibu na kilele.

Lakini usikimbilie huku kwa sababu tu inaonekana ya kitaalamu. Kila nukta unayoongeza inakuja na kosa lake la upimaji. Nukta saba zilizopimwa kwa haraka, kwa kipimajoto usichokijua asili yake, zitakupa jibu baya kuliko nukta mbili zilizopimwa kwa subira.

Tukitoka kwenye joto

Mzani wa kihisi cha uzito chenye HX711, saketi ndogo inayokisoma kihisi hicho, ni kazi ya nukta mbili bila mjadala. Nukta ya chini ni sahani tupu, ya juu ni uzito unaoujua, na uzito huo uwe karibu na mzigo utakaopima. Ukisahihisha kwa nusu kilo kisha ukapima gunia la mwani mkavu, kosa dogo la nusu kilo linazidishwa na gunia zima. Azima mawe ya mizani yaliyopigwa chapa. Maji yanaweza kusaidia ukikosa mawe, ila lita 10 za maji kwenye joto la nyuzi 30 ni pungufu ya kilo 10 kwa zaidi ya gramu 40, achilia mbali ndoo ambayo alama yake ya lita haiaminiki. Sogeza pia jiwe lile lile kwenye kila kona ya sahani. Namba zikitofautiana, tatizo ni ufungaji wa chuma, na hesabu haitakusaidia.

Kihisi cha pH, yaani cha kupima ukali wa asidi au alkali ndani ya maji, kinastahili maneno zaidi kwa sababu watu wa mabwawa ya samaki aina ya mwatiko wanakihitaji, na makosa yake hayaonekani kwa macho. Kinatoa karibu milivolti 59 kwa kila pH moja kwenye nyuzijoto 25, na kama 60 kwenye nyuzijoto 30, hivyo kama kifaa chako hakifidii joto chenyewe, fanya ugezi kwenye joto lile lile la maji utakayopima. Wauzaji wengi huweka kwenye boksi vifuko vya unga vya kutengenezea maji ya pH 4.01 na 6.86, na mara nyingi 9.18. Mnunuzi hutumia viwili vya kwanza na kukiacha cha tatu. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.1. Iko nje ya 4.01 na 6.86, iko ndani ya 6.86 na 9.18. Kwa bwawa la maji ya bahari chagua hivyo viwili vya pili. Changanya unga kwa maji yaliyochujwa madini, yale yanayowekwa kwenye betri kama ni maji matupu yasiyo na asidi, kwani maji ya bomba yatabadilisha kiwango. Suuza kihisi kati ya kimoja na kingine, na fanya ugezi upya kila baada ya siku chache, kwa sababu kihisi cha pH huzeeka kikiwa kazini.

Kwa unyevu wa hewa, jirani yetu bahari ametupa kipimo. Chumvi ya mezani iliyoloweshwa maji kidogo, iwe kama uji mzito usioyeyuka wote, ikifungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, hufanya hewa iliyo juu yake ikae kwenye unyevu wa asilimia 75. Ning'iniza kihisi cha unyevu, kwa mfano DHT22, juu ya uji huo bila kuugusa, funga, acha usiku kucha. Hiyo ni nukta moja nzuri kwa mashine ya vifaranga, maana siku za mwisho za kutotoa unataka asilimia 65 hadi 70. Usitumie chumvi ya mawe moja kwa moja kutoka mashamba ya chumvi. Ina chumvi za magnesi zinazovuta maji zaidi, na 75 yako itakuwa chini ya hapo. Chukua ya pakiti, iliyosafishwa.

Umeme unaotumia siku ya ugezi

Vihisi vinavyotoa volti husomwa kwa kulinganishwa na volti ya bodi. Bodi ya Arduino Uno, kwa mfano, hugawa volti 5 katika hatua 1,024. Ukifanya ugezi bodi ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta inayotoa volti 4.8, kisha ukaipeleka shambani ikalishwa volti 5 kutoka kwenye sola, vipimo vyote vya vihisi kama LM35, kihisi cha joto kinachotoa volti, vitahama kwa asilimia nne hivi, na ugezi wako umekwisha kabla hujaanza. Fanya ugezi kwa chaja ile ile, waya ule ule, urefu ule ule. DS18B20 haina shida hii kwa sababu hutuma namba tayari, na kwa kazi za nje ya mji, ambako umeme hupanda na kushuka, hiyo pekee ni sababu ya kuichagua mbele ya LM35. Thamista iliyounganishwa kwenye volti ile ile ya bodi nayo husalimika, kwani volti yake na volti ya bodi hupanda na kushuka pamoja.

Pale ambapo kazi ya nyumbani haitoshi

Mzani unaotumika kununulia au kuuzia bidhaa lazima uhakikiwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, hata kama umeusahihisha kwa uangalifu wote duniani. Uliotengenezwa nyumbani kwa HX711 utumie kupimia chakula cha kuku au kufuatilia uzito wa mbuzi. Usiutumie kumlipa mkulima wa mwani. Na kama mnunuzi wa maziwa au samaki anadai cheti cha vipimajoto vyako, barafu ya chupa ya chai haitoi cheti. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi Dar es Salaam inayotoa. Njia inayopunguza gharama ni kupeleka kipimajoto kimoja kizuri, kukitunza kwenye kasha lake, na kukitumia kusahihishia vingine vyote vya kituo, kwa nukta mbili, hapo hapo vinapofanyia kazi.